Wa Mbali Wanasikika, wa Jirani Kimya: Kutafuta Kosa Kwenye Mawasiliano ya NVIS

Mwongozo huu ni wa mwenye leseni ya redio ya ridhaa anayetaka kuongea na wenzake ndani ya kilomita 500 hivi bila ripita, bila setilaiti na bila mtandao wa simu: Dar es Salaam na Morogoro, Arusha na Nairobi, Mombasa na Voi. Njia yenyewe inaitwa NVIS. Unapiga mawimbi ya masafa mafupi karibu wima kabisa, tabaka la F2 la ayonosfia (anga ya juu yenye chembe za umeme), lililo kilomita 250 hadi 400 juu, linayarudisha, nayo yanashuka pande zote bila kujali kama Uluguru au Usambara imesimama katikati. Misheni, hospitali za wilaya na mapori ya akiba waliongea kwa simu za upepo kwa njia hii miaka mingi kabla minara ya simu haijaja, na wengi wao hawakuwa na haja ya kujua jina lake.

Mawasiliano yakigoma, watu wengi huanza kufungua redio. Hapo ndipo mahali pa mwisho pa kutafuta. Mimi hushuku masafa kwanza, kisha kelele, kisha waya, kisha kebo na viungio. Redio yenyewe hufuata mwishoni kabisa. Jambo la pili ni kwamba vitabu vingi tunavyosoma viliandikiwa Ulaya na Marekani, na anga ya huko si hii yetu. Ushauri unaomfaa mtu wa Manchester unaweza kumkosesha mawasiliano mtu wa Tanga.

“Namsikia Afrika Kusini na India, simsikii Morogoro”

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na karibu kila mara kosa halipo nyumbani kwako. Kila saa tabaka la F2 lina kikomo chake, ambacho ramani za ayonosfia hukiandika foF2. Wimbi linalopanda wima likiwa chini ya kikomo hicho hurudi. Likiwa juu yake hutoboa na kupotelea angani. Wimbi linalopanda kwa mshazari lina nafuu, kwa hiyo linaweza kurudi hata likiwa juu ya kikomo kidogo. Ndiyo maana wa mbali wanasikika na jirani hasikiki.

Kipimo cha kuthibitisha ni kuangalia nani amepotea kwanza. Tuseme uko Dar es Salaam kwenye 7.1 MHz. Morogoro iko kilomita 180 hivi kwa mstari ulionyooka, na wimbi la kwenda huko hupanda kwa zaidi ya nyuzi 70. Dodoma iko kilomita 400, nyuzi kama 56. Mwanza ni kilomita 850. Kikomo kikishuka hadi 6.5 MHz, Dodoma bado anafika, kwa sababu mshazari wa nyuzi 56 unabeba masafa yanayozidi kikomo kwa karibu asilimia 20. Morogoro anabaki ukingoni au anazama kabisa, na Mwanza anakuwa na nguvu kuliko wote. Ukimya huanzia kwa wa karibu na kutanuka kwenda nje. Ukiona wamepotea kwa mpangilio huo, weka bisibisi chini. Antena yako ni nzima. Umebaki juu ya masafa yanayofaa.

Dawa ni kushuka. Kanuni ya zamani ya kukaa kwenye asilimia 85 ya kikomo bado inafaa, maana kikomo hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, na ukikaa juu kabisa utakuwa unapotea na kurudi. Kutoka mita 40 (bendi ya 7 MHz) unashuka hadi mita 80 (bendi ya 3.6 MHz hivi). Nchi iliyoruhusu mita 60 inakupa daraja zuri katikati, yaani kHz 5351.5 hadi 5366.5, lakini nguvu ya kurushwa imewekewa ukomo mdogo wa wati 15, na ruhusa yenyewe inatofautiana nchi kwa nchi. Uliza TCRA (Tanzania), CA (Kenya) au mamlaka ya mawasiliano ya kwenu kabla hujabonyeza maiki.

Saa mbaya zaidi ni kabla ya mapambazuko. Jua likiwa limezama kwa saa nyingi, tabaka hupungua taratibu hadi saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hapo kikomo kinaweza kuwa chini kabisa ya 7 MHz. Jua likishachomoza hupanda upesi. Mtu aliyeshindwa kumpata mwenzake saa kumi na moja na akampata saa mbili asubuhi bila kugusa chochote hajatengeneza kitu, jua ndilo lililotengeneza.

“Mita 80 imekufa mchana kutwa”

Imekufa kweli, na itakufa kesho pia. Chini ya F2, kilomita 60 hadi 90 hivi, kuna tabaka D ambalo huwapo mchana tu na kazi yake ni kufyonza. Ufyonzaji huo hupungua masafa yanapopanda, takriban kwa mraba wake: njia inayopoteza desibeli 5 kwenye 7.1 MHz itapoteza kama 20 kwenye 3.6. Jua letu la saa sita liko utosini, kwa hiyo hapa D hufyonza zaidi kuliko wanavyoona wenzetu wa kaskazini. Anayesoma kitabu cha Ulaya na kuambiwa mita 80 ndiyo bendi ya majirani atapiga saa sita mchana, atasikia ukimya, na ataanza kulaumu waya.

Hapa kuna habari njema ambayo vitabu hivyo havina. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Afrika Mashariki kwenye Ethiopia, karibu nyuzi 10 kaskazini mwa ikweta ya kawaida. Kuanzia asubuhi nguvu za umeme na sumaku huinua elektroni juu ya mstari huo, kisha elektroni hizo hutelemka pande zote mbili na kulundikana kwenye vilele viwili, kila kimoja nyuzi 15 hivi kutoka ikweta hiyo. Kilele cha kusini kinatuangukia sisi, Kenya na Tanzania. Matokeo yake ni kwamba alasiri F2 yetu ni nene mno, na miaka ya jua kali (yaani jua lenye madoa mengi, si la joto) kikomo hupita 10 MHz bila shida. Kwa hiyo bendi ya kazi mchana ni mita 40, na ikizidiwa na kelele au msongamano, mita 30 (bendi ya 10 MHz) nayo inaweza kumfikia jirani yako wa kilomita 200. Mtu wa Ulaya akisikia hivyo huwa haamini mara moja.

Wengi huiacha mita 30 wakidhani ni ya Morse na dijitali tu. Mpango wa bendi wa IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, kwa Kanda ya 1, ambayo ndiyo yetu, una sentensi moja inayotuhusu: kHz 10120 hadi 10140 zinaweza kutumika kwa SSB, yaani sauti inayorushwa kwa upande mmoja wa wimbi, katika eneo la Afrika lililo kusini mwa ikweta, wakati wa mchana. Nairobi imo, Kampala haimo. Hakikisha tu kwamba masharti ya leseni yako hayakatazi.

“Bendi nzima imenyamaza ghafla”

Ulikuwa unaongea, kila mtu akatoweka ndani ya dakika moja, na hata mchakacho wa radi za mbali umekwisha. Unadhani koaksi, yaani kebo ya antena, imekatika. Kabla hujapanda juu, panda bendi: sikiliza mita 15 au mita 10. Kama huko kuna uhai, au sauti zilififia kuanzia bendi za chini kwenda za juu, ni mlipuko wa jua. Miale ya eksirei hufika baada ya dakika 8 tu, inalinenepesha tabaka D upande wote wa dunia ulio mchana, na bendi za chini ndizo zinazoumia zaidi. Oktoba 3, 2024 ulitokea mlipuko wa daraja la X9.0 uliofikia kilele saa 9 na dakika 18 alasiri kwa saa zetu, wakati ambao Afrika yote ilikuwa juani.

Hakuna cha kutengeneza. Hali hurejea ndani ya dakika kadhaa hadi saa moja au mbili, ikianza na bendi za juu. Kwa hiyo ukiwa na ujumbe wa haraka, kutana na mwenzako kwenye bendi ya juu kidogo kuliko mliyokuwepo, mradi F2 inairudisha. Ramani ya D-RAP inayotolewa na NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, inaonyesha ufyonzaji huo karibu papo kwa papo, na mwenye bando anaweza kuamua kwa sekunde kumi kama ni jua au ni koaksi.

“Jioni anasoma S9 lakini simwelewi”

Mita ya redio inaonyesha nguvu (hupimwa kwa alama za S, na S9 ni nguvu nyingi), sauti iko wazi, ila inatetemeka kama mtu anayeongea mbele ya feni. Kwa kawaida huanza saa moja na nusu jioni na kuendelea hadi karibu saa sita usiku, na huzidi kuzunguka miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, hasa miaka ya jua kali. Jua likizama, F2 ya ukanda wetu huinuka kwa ghafla, sehemu yake ya chini huvurugika, na mapovu yenye elektroni chache hupanda ndani yake. Wimbi lako linarudi kwa njia nyingi zinazocheza kwa wakati mmoja.

Usimwambie mwenzako aongeze nguvu, nguvu anayo. Usipunguze wala kuongeza maiki. Morse ya taratibu hupenya pale sauti inaposhindwa, kwa sababu sikio linahitaji kujua tu kama toni ipo au haipo. FT8, mtindo wa dijitali, huteseka, maana masafa ya toni yanapanuka kuliko inavyostahimili. Mkilazimika kutumia sauti, semeni maneno machache na kuyarudia, au sogezeni miadi hadi baada ya saa sita usiku. Vikundi vinavyopanga mikutano ya kila wiki saa mbili usiku viihamishie saa kumi na moja jioni, na nusu ya malalamiko yatakwisha yenyewe.

“Ananisikia vizuri, mimi simsikii”

Anga huwa haipendelei upande. Kama nguvu zenu zinalingana na yeye anakupokea, basi wimbi lake linafika kwenye waya wako pia; linazamishwa na kelele ya kwako. Kila S moja ni desibeli 6, kwa hiyo kelele ya S7 inameza sauti ya S5. Ukimwomba mwenzako atoke wati 100 hadi 400, amekuongezea S moja tu. Kuua chanzo cha kelele kunaweza kukupa S tatu au nne bila gharama.

Anza na jaribio moja: washa redio kwa betri, kisha zima meinswichi ya nyumba. Mita ikiporomoka, adui yuko ndani. Rudisha vyumba kimoja kimoja. Wanaopatikana kila mara ni chaja za simu za bei poa, taa za LED, pawa saplai ya kompyuta, king’amuzi na inveta. Mita ikibaki palepale, adui yuko nje, na hapo ni kusikiliza tabia yake.

Kelele inayokuja na jua na kuondoka na jua ni kontrola ya sola, ya kwako au ya jirani. Funika paneli kwa turubai kwa dakika moja, ikikata, umempata. Pete za ferite kwenye nyaya za paneli na za betri, karibu kabisa na kontrola, husaidia sana, na nyaya hizo zisokotwe pamoja badala ya kuachwa zikitanuka juu ya paa, maana zikitanuka zinakuwa antena.

Mdundo wa tik, tik, tik kila sekunde moja hivi ni uzio wa umeme. Zamani ulikuwa wa mashamba ya mifugo, siku hizi uko juu ya kila ukuta wa mitaa ya wenye nacho. Uzio mzima haupigi kelele kubwa. Unaosikika kilomita nzima una jani au tawi linaloruka cheche, au kihami kilichopasuka. Mwenye uzio ana sababu yake ya kutaka kurekebisha, maana sehemu hiyo ya ukuta wake hailindwi ipasavyo. Ukimwendea kwa maneno hayo atakusikiliza kuliko ukimwambia habari za redio.

Mngurumo mzito usiobadilika unaoongezeka kiangazi na kupotea siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza ni cheche kwenye nguzo za umeme. Vumbi, na pwani chumvi ya bahari, hujijenga juu ya vihami hadi umeme unatambaa, mvua huviosha. Tembea na redio ndogo ya AM, tafuta nguzo ambayo kelele inakuwa kali kuliko zote, andika namba yake na uipeleke kwa shirika la umeme. Usiitikise nguzo wala kuigonga, hata kama umeona mtu akifanya hivyo.

Halafu kuna radi, ambayo haina meinswichi. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na Ziwa Victoria hutengeneza ngurumo zake usiku. Mita 80 ndiyo inayobeba mchakacho huo hadi kwetu, hasa masika. Antena ya pili ya kupokelea tu, waya mrefu ulioinuliwa mita moja au mbili kutoka ardhini, hupunguza kelele zaidi ya inavyopunguza sauti ya mwenzako. Sauti inakuwa ndogo kwenye mita lakini masikio yanaelewa. Zima kikuza cha mbele, punguza RF gain (ukali wa kupokea) hadi mchakacho ulale, na ongeza sauti kwa kitufe cha kawaida. Redio nyingi za kisasa zina kikuza hicho, na kwenye mita 80 hakina kazi hata kidogo. Radi ikiwa ya kwenu, si ya Bukoba, chomoa koaksi na uitoe nje ya nyumba.

“SWR ni 1.2, redio ni nzima, hakuna anayenipata”

SWR ni kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; ikiwa nzuri, yaani karibu na 1, inasema redio imeridhika. Haisemi nguvu zimeenda wapi. Kifaa cha kupimia redio bila kurusha hewani, kile kizuizi cha om 50, kina SWR safi kuliko antena yoyote na hakimfikii hata mtu wa chumba cha pili.

Kwanza tazama umbo. Antena ya fimbo iliyosimama wima hupeleka nguvu pembeni na ina shimo utosini, mahali hasa unapopahitaji kwa NVIS. Mwenye antena ya wima anaongea na Italia usiku na kumkosa mtu wa Chalinze, na hilo si hitilafu. Kwenye gari, fimbo ndefu ivutwe nyuma na kulazwa juu ya gari kwa kamba ya nailoni wakati gari limesimama. Nguvu nyingi zaidi zitaelekea juu. Kwa nyumbani, dipoli ya kawaida ya nusu wimbi, yaani waya uliolala unaolishwa katikati, inatosha: urefu wa jumla kwa mita ni 143 gawanya kwa MHz, yaani kama mita 20 kwa 7.1 na mita 39 kwa 3.65. Waya wa nyumba wenye ganda la plastiki hutaka kufupishwa asilimia mbili tatu hivi.

Pili tazama kimo, na hapa ndipo watu wa pwani wanaponaswa. Mnazi wa mita 20 unamtamanisha kila mtu. Lakini mita 20 ni karibu nusu ya wimbi la 7 MHz, na dipoli iliyo kwenye nusu wimbi ina shimo juu yake moja kwa moja: wimbi linalogonga ardhi na kupanda linafuta lile lililotoka juu. Umefunga antena nzuri kabisa ya kufikia Ulaya. Ishushe hadi mita 7 au 8 na Morogoro atajitokeza. Kanuni ni sehemu ya 0.15 hadi 0.2 ya urefu wa wimbi, yaani mita 6 hadi 8 kwa bendi ya mita 40, na 12 hadi 16 kwa bendi ya mita 80. Kwa mita 80 wengi wetu hatuna mlingoti huo. Mita 9 katikati na ncha zikishuka hadi mita 3 inafanya kazi vizuri, ukikubali kupoteza desibeli chache.

Chini sana nako kuna kodi yake. Dipoli ya mita 2 juu ya udongo mkavu wa Dodoma inapasha ardhi joto. Waya mmoja uliolazwa ardhini sambamba chini yake, mrefu kuliko dipoli kwa asilimia 5, hurudisha sehemu ya kilichopotea. Na ukiwa juu ya nyumba ya bati, kimo huhesabiwa kutoka kwenye bati. Dipoli iliyo mita 1 juu ya paa ni dipoli ya mita 1, hata nyumba ikiwa ghorofa tatu. Bati lenye kutu kwenye maungio lina ubaya wa pili: kutu hufanya kazi kama dayodi na kuzalisha masafa yasiyokuwepo, yakaingia hadi kwenye televisheni ya jirani.

Mwelekeo wa waya hausumbui sana Ulaya, ila kwetu unastahili jaribio. Sumaku ya dunia hugawa wimbi linalopanda kuwa mawili, na moja kati yake hufyonzwa kidogo kuliko lingine. Karibu na ikweta ya sumaku, waya uliolala kaskazini-kusini ndio unaolisha hilo lenye nafuu. Majaribio yaliyofanyika Thailand miaka ya 1960 yalielekeza huko. Dar es Salaam iko mbali kidogo na mstari huo, hivyo tofauti ni ndogo kuliko Addis Ababa, lakini kama uwanja unaruhusu pande zote mbili, mimi ningechagua kaskazini-kusini.

Tatu, kebo. Koaksi iliyoingia maji humeza nguvu ya kwenda na ile ya kurudi, na kwa kuwa kinachorudi ni kidogo, mita inasoma SWR nzuri. Ndiyo sababu SWR “iliyojirekebisha yenyewe” baada ya masika inapaswa kukutia wasiwasi. Chomoa antena kule juu, acha ncha ya kebo wazi, kisha pima chini kwa kifaa cha kuchanganua antena au kwa wati 5 za sekunde chache. Kebo nzima inapaswa kusoma vibaya mno: koaksi ya RG-58 yenye urefu wa mita 30 itakupa SWR ya karibu 7 kwenye bendi ya mita 40. Ikisoma 3, desibeli 3 zimeishia njiani, maana yake nusu ya nguvu yako. Ikisoma 2, itupe. Pwani, kata plagi ya PL-259 na utazame nyuzi za shaba ndani. Zikiwa nyeusi au zina kijani, endelea kukata hadi ufike penye kung’aa, na kama hupafiki, ni kebo mpya. Tepu ya umeme peke yake haizuii maji. Zungushia kwanza ile ya mpira inayogandana, kisha ya kawaida juu yake, na acha kebo ifanye kitanzi kinachoning’inia kabla ya kuingia ndani ili matone yadondokee nje.

SWR inayoruka upepo ukivuma ni kiungio kilicholegea au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Minazi huyumba, bila kapi na jiwe la kuvuta upande mmoja, waya utakatika tu.

“Zanzibar anakuja na kuondoka”

Dar es Salaam na Unguja ni kilomita 70 hivi, tena juu ya maji ya chumvi, ambayo hubeba mawimbi ya ardhini vizuri sana. Kwenye 3.6 MHz unapokea njia mbili kwa nguvu zinazokaribiana, moja juu ya bahari na moja kutoka angani, na zinapopishana zinafutana. Kufifia ni kwa kina na kwa taratibu, na huzidi kuelekea machweo wakati tabaka D linapoondoka na wimbi la angani linapopata nguvu. Hapa ndipo antena ya wima inaposhinda: kituo cha ufukweni kila upande, fimbo karibu na maji, na mawasiliano hayatategemea anga tena. Asiye na ufukwe ahamie mita 40 na dipoli ya chini, akaachie wimbi la angani peke yake.

“Wanasema sauti yangu mbaya”

Akikusikia kama bata, linganisheni masafa na upande wa SSB: LSB (upande wa chini) kwenye mita 80 na 40, USB (upande wa juu) kwenye mita 60 na 30. Sauti inayokatika au kuyumba kwenye silabi kali ni volti. Redio ya wati 100 huvuta amperi 20 hivi ikirusha, na waya mwembamba kutoka kwenye betri unaacha volti 11 zifike wakati redio inataka 13.8. Pima volti nyuma ya redio ukiwa unarusha; kipimo cha redio ikiwa imetulia hakikwambii kitu.

Sauti ikikwaruza kwenye bendi moja tu, kompyuta ikijizima au midomo ikichomwa na maiki, nguvu ya redio inarudi ndani kupitia ganda la nje la koaksi. Pitisha koaksi mara kumi na zaidi kwenye pete ya ferite ya mchanganyiko wa 31 au 43, chini kidogo ya kitovu cha dipoli. Pete hiyohiyo itapunguza kelele za nyumba zilizokuwa zikipanda kwa njia hiyo, kwa hiyo hata asiye na tatizo la sauti aifunge.

“Tulipanga, nikaita, hakujibu”

Kabla ya kushuku chochote, linganisheni saa. Miadi ya redio huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, simu yako inaonyesha saa za Afrika Mashariki, na kinywa kinasema saa za Kiswahili. Saa 0900 UTC ni saa sita mchana kwetu. Aliyeiona “9” akaenda kusikiliza saa tisa alasiri amechelewa saa tatu kamili, na aliyedhani ni saa tatu asubuhi amewahi kwa saa tatu. Andikeni “0900 UTC, saa sita mchana” kwenye ujumbe wenyewe. Wekeni pia masafa mawili, ya kwanza na ya kurudia: dakika 10 kwenye ya kwanza, dakika 10 kwenye ya pili, kila mmoja akijua nani anaita na nani anasikiliza. Kwa dharura, IARU Kanda ya 1 imetenga vituo vya kukutania kHz 3760 na 7110, nanyi msiokuwa na kikundi anzeni hapo: 7110 mchana, na jioni mkisikia wa karibu wanaanza kupotea, 3760.